Taa Ilikuwa Yetu

Barabara inayoanzia karibu na bandari ya Dar es Salaam na kuelekea kusini inaitwa Barabara ya Kilwa, na jina hilo ni la haki. Anayeifuata bila ya kukengeuka hupita Mbagala, akavuka mto Rufiji, akaiacha Somanga ubavuni mwake, akafika Nangurukuru; na hapo akikata kushoto, atafika Kilwa Kivinje au Kilwa Masoko, kwenye maji ambayo ng'ambo yake ni kisiwa cha magofu. Ni barabara moja tu. Lakini ncha zake mbili hazifanani kwa jambo moja ambalo abiria wa basi, aliyesinzia kichwa dirishani, aghalabu halioni: upande wa mjini watu huamriwa kusimama na kwenda na taa za rangi tatu, na upande wa Kilwa amri hiyo imeachiwa macho, masikio na adabu ya kila mtu.

Yupo mzee wa Kivinje aijuaye barabara hiyo kwa ncha zake zote mbili, tena aijuaye kwa tandiko la baiskeli. Mtaa mzima humwita Mjomba, hata wale wasiokuwa na udugu naye, na kwa jina hilo atatajwa hapa. Swali lililomrudisha kwao, na ambalo hadi leo hulizungumza barazani baada ya sala ya alasiri, wengine huliona dogo: je, mwenye baiskeli asimame taa inapowaka nyekundu? Mtu wa Kivinje ana ruhusa ya kucheka. Mjomba mwenyewe aliwahi kucheka. Katika miaka zaidi ya ishirini ya kuchukua samaki kwa baiskeli wilayani Kilwa hakusimamishwa na taa hata siku moja. Alisimamishwa na mbuzi, na mvua, na pancha, na msafara wa bibi harusi, na mara mbili alisimamishwa na nyoka aliyelala juu ya lami akiota joto.

Baiskeli yake ni Phoenix nyeusi ya chuma kizito, iliyoongezewa vyuma kwenye keria ili ibebe tenga. Alfajiri, vyombo vinaporejea pwani, hununua vibua, changu, na siku ya bahati pweza. Huwafunika kwa gunia lililoloweshwa, hufunga mzigo kwa mipira iliyokatwa kwenye tairi za ndani, kisha hushika njia ya kuelekea Nangurukuru na vijiji vya bara. Tenga lililojaa halipungui kilo 50. Anayeitazama baiskeli ya namna hiyo ikipita hudhani kazi yake ni kukanyaga pedeli. Kazi hasa ni kuanza na kusimama. Ili aanze, mchuuzi huisukuma baiskeli akikimbia pembeni yake, huku ameshika usukani kwa mkono mmoja na tenga kwa mkono wa pili, mpaka mwendo utakapoushinda uzito, ndipo anapodandia. Ili asimame, hana budi kuanza kufikiri mapema sana, kwani breki za vyuma zikilowa hazina ahadi, na mguu mmoja ukikosea kukanyaga chini tenga litaivuta baiskeli na baiskeli itamvuta yeye. Ndiyo maana wachuuzi wa njia hiyo hawapendi kusimama. Mwendo ni mali yao. Wameununua kwa jasho, na kila anayewasimamisha huwadai waununue upya.

Zamani barabara yenyewe ilikuwa ikimsimamisha kila mtu kwa usawa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na wakati wa masika kusini ilikatika na nchi nzima kwa majuma na miezi. Lori lilizama tope hadi ekseli, na mwenye baiskeli aliipandisha yake begani akapita, akimsalimu dereva kwa huruma ya kejeli. Wakubwa na wadogo walikwama mahali pamoja. Daraja hilo, lenye urefu wa karibu kilomita moja, na lami iliyolifuata kipande kwa kipande, ambapo kipande cha Ndundu hadi Somanga ndicho kilichochelewa kuliko vyote, vililetea watu wa pwani ya kusini neema ambayo haina haja ya kupigiwa debe: mgonjwa hufika hospitali, samaki hufika mjini, na mwanafunzi wa Lindi huweza kulala Dar es Salaam siku ile ile aliyoondoka kwao. Lakini lami ilileta na mwendo, na mwendo ulileta sheria mpya isiyoandikwa popote. Mdogo humpisha mkubwa. Mwenye baiskeli akisikia mngurumo nyuma yake, hupima kwa sikio kama ni lori lililoshiba au ni basi linalofukuzana na saa. Honi ikilia mara moja ni salamu, ikilia mfululizo ni amri, naye huteremka kwenye ukingo wa lami, mahali palipomeguka, akijiombea tenga lisipinduke. Wachuuzi wameizoea sheria hiyo kama walivyozoea kusi na kaskazi. Hawaiiti dhuluma. Huiita barabara.

Miaka kumi hivi iliyopita binti yake Mjomba, aliyeolewa Mbagala, alimsihi ahamie kwake. Alikwenda, na baiskeli yake ikapandishwa juu ya basi, kwa kuwa hakutaka kukaa mjini kama mgeni wa kulishwa. Nyumba ya mkwewe haikuwa mbali na Rangi Tatu, na Mjomba alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alidhani limetokana na taa za barabarani, akamuuliza mkwewe kama huko kila mtaa una rangi zake. Walicheka sana. Baada ya juma moja alikuwa amekwisha kuujua mzunguko: alfajiri Soko la Samaki la Feri, kisha Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala, nyumba kwa nyumba, mpaka tenga liwe jepesi. Alihisi fahari ya siri kwamba katika mji ule mkubwa njia yake ya riziki ilikuwa na jina la kwao.

Siku ya kwanza taa ilipowaka nyekundu mbele yake, alisimama. Alisimama kama alivyofundishwa kumheshimu mwenye nyumba katika nyumba yake. Waliokuwa nyuma yake kwa baiskeli walimpita kulia na kushoto, na mmoja wao, mchuuzi wa mkate, akamtupia neno: "Mzee, hiyo ya magari!" Taa ilipogeuka kijani, malori yaliyokuwa nyuma yalianza kunguruma kabla yeye hajamaliza hatua ya pili ya kukimbia na baiskeli. Alijikuta katikati ya njiapanda, na honi mbele na honi nyuma, akisukuma kilo zake 50 kama mtu asukumaye mashua kwenye maji ya bamvua. Siku ya tatu aliacha kusimama.

Hapana budi kusema kweli kwamba hakuacha kwa ukaidi. Zile hoja ambazo waendesha baiskeli duniani kote huzitoa alizigundua mwenyewe kwa mwili wake, bila ya kuzisoma popote. Taa zile zimepimwa kwa kasi ya gari. Muda unaomtosha mwenye injini kuondoka haumtoshi mwenye miguu na mzigo. Anayesimama na wote huondoka na wote, na kuondoka na malori ndiko kunakoua. Anayetangulia wakati njia ya kukatisha ni nyeupe huyaacha malori nyuma na kupata nafasi ya kushika mwendo wake. Tena, samaki hawangoji. Jua la saa nne la Dar es Salaam likipiga tenga kwenye taa tano, na kila taa dakika mbili, mnunuzi wa mwisho atakunja pua.

Sheria ya nchi haikuwa upande wake, hilo alilijua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimwachi mwenye baiskeli nje ya uzio. Taa nyekundu humhusu kama inavyomhusu mwenye basi. Lakini sheria ambayo kila mtu huivunja mbele ya askari, na askari akatazama kando, hugeuka kuwa kama pambo la ukutani. Wengi wetu wa pwani tumelelewa na mapambo ya namna hiyo.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Njiapanda haina haja ya kutajwa, kwa kuwa zote zinafanana. Taa ilikuwa nyekundu, na foleni imesimama. Mbele kabisa, upande wa kushoto, lori refu la makontena. Mjomba alipita baina ya ubavu wa lori na ukingo wa njia, kwa mwendo wa wastani, macho yake yakitazama kulia, kunakotoka magari ya njia ya kukatisha. Njia ilikuwa nyeupe. Kile ambacho hakukiona kilikuwa mbele ya pua ya lori: kivuko cha punda milia, na mtoto wa shule wa miaka tisa au kumi, shati jeupe na sketi ya bluu, akivuka kwa hatua za mtu asiye na wasiwasi. Hakuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Lori, lile dubwana lenye magurudumu kumi na zaidi, lilikuwa limesimama kwa ajili yake.

Baiskeli yenye kilo 50 za samaki na mzee wa kilo 60 haihitaji kasi kubwa ili ivunje mkono. Vibua walimwagika juu ya lami pamoja na madaftari. Watu walikusanyika, na kama ilivyo desturi ya mjini nusu yao walikuja kwa huruma na nusu kwa hasira. Dereva wa lori ndiye aliyeshuka akamwinua mtoto na kumweka kivulini. Mjomba alipiga magoti mbele yake. Alisema yale ambayo mtu husema: pole mwanangu, nisamehe mama, sikukuona. Mtoto hakuwa analia kwa sauti. Alimtazama kwa mshangao zaidi kuliko maumivu, akasema:

"Babu, taa ilikuwa yetu."

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo aliyorudi nayo Kivinje. Gharama za hospitali alizilipa kwa kuuza kile alichokuwa nacho, na baba wa mtoto, mtu mpole ambaye labda ingekuwa afadhali angefoka, alimpokea nyumbani kwake mara tatu, akampa kahawa, asimwambie lolote la kumuumiza. Mkono ulipona, ukabaki umepinda kidogo. Binti yake alimwambia, "Baba, ni ajali, ni kazi ya Mungu." Mjomba alimjibu kuwa kazi ya Mungu ilikuwa ile taa kusimamisha lori, lililobaki lilikuwa kazi yake yeye. Kabla ya mwezi kwisha alipanda basi la kurudi kusini.

Kwa nini maneno ya mtoto yalimchoma kiasi hicho? Jawabu limo katika kitu alichokijua Mjomba kabla ya kujua baiskeli. Katika ujana wake alikuwa baharia katika majahazi yaliyochukua boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji hadi Unguja. Nahodha aliyemfundisha kazi alikuwa na ada zake za kupishana, na ada hizo, kwa kiasi kikubwa, ndizo zilizomo katika Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 ambazo manahodha wa meli husomea. Chombo cha injini hukipisha chombo cha tanga. Vyombo viwili vya tanga vikikutana, vyote vikipokea upepo kwa ubavu mmoja, kilicho juu ya upepo hukipisha kilicho chini yake, maana kilicho juu kimepewa neema zaidi. Na usiku, kila chombo huwasha taa nyekundu ubavu wake wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia. Vyombo viwili vya injini vinapokatishana, yule anayeiona nyekundu ya mwenzake ndiye anayepisha. Kwa ufupi, baharini mwenye nguvu humpisha dhaifu, na nyekundu ni neno la adabu kabla halijawa neno la amri.

Kwa hiyo huyu ni mtu aliyeishi chini ya sheria mbili. Baharini mkubwa alimpisha mdogo. Barabarani mdogo alimpisha mkubwa, na akaamini kuwa nchi kavu haina namna nyingine. Mpaka siku ile alipogundua, akiwa amepiga magoti juu ya vibua, kuwa taa ya mjini ilikuwa ni sheria ya bahari iliyopandishwa nchi kavu. Ilikuwa imelisimamisha lori kwa ajili ya mtoto. Na aliyeivunja alikuwa yeye, mtu wa tanga, ambaye kwa miaka ishirini alisukumwa ukingoni na mabasi na akawa na haki ya kulalamika. Alipopata mmoja mdogo kuliko yeye, alimfanyia yale yale.

Na kwa hakika, tangu asili, taa hizi hazikubuniwa kwa ajili ya magari. Ile ya kwanza inayokumbukwa ilisimikwa London mwaka 1868, karibu na Bunge, wakati ambapo gari la petroli halijaonekana barabarani. Ilikuwa na mikono mchana na taa za gesi, nyekundu na kijani, usiku, na makusudio yake yalikuwa kuzuia farasi na magari yao ili waenda kwa miguu wapate kuvuka. Haikudumu. Mwaka 1869 gesi ililipuka ikamjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha, na kwa miaka mingi baadaye mji ule ukarudi kwenye mikono na firimbi.

Mpwa wake Mjomba, ambaye ndiye sasa anayelibeba tenga mara nyingi zaidi, hakubaliani naye, na mabishano yao yamekuwa sehemu ya baraza lile, jirani na majumba ya enzi za Wajerumani yaliyobaki kuta bila ya paa. Ni kijana msomaji, na simu yake humletea habari za mbali. Siku moja alifika, akasalimu:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umeleta nini?"

"Nimeleta ushindi."

Akasoma. Katika jimbo la Idaho, Marekani, tangu mwaka 1982 mwenye baiskeli anayefika penye kibao cha kusimama huruhusiwa kupunguza mwendo tu na kupita ikiwa hakuna wa kumpisha. Na penye taa nyekundu husimama kwanza, akatazama, kisha njia ikiwa nyeupe akaenda zake. Majimbo mengine yamefuata baadaye kwa namna zao. Paris nayo, tangu mwaka 2015, imeweka kwenye njiapanda nyingi vibao vidogo vya pembetatu vinavyomruhusu mwenye baiskeli kupita nyekundu, hasa kukata upande wa ukingo anaouendesha, kwa sharti la kuwapisha wote wengine. "Wazungu wenyewe," alisema mpwa, "wameona kuwa baiskeli si lori. Mjomba unataka tuwe na sheria kali kuliko wenye taa zao?"

Mjomba aliomba asomewe tena pale penye sharti. Akasomewa. Akasema kuwa hana ugomvi na watu hao, kwa kuwa kibao chao kimesema kwanza nani apishwe ndipo kikasema nani apite, na mwenye kupita huko amekubali kuwa chombo cha injini mbele ya mwenda kwa miguu. "Mimi sikupita kwa kibao," alisema. "Nilipita kwa sababu aliyenitangulia alipita."

Mpwa hakuishia hapo, na hoja yake ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Alikuwa amefanya kazi miezi kadhaa kwenye boti, bandarini Masoko, na kanuni alizisikia. Mjomba, alisema, anasoma ukurasa mmoja anaruka wa pili. Kanuni zile zile za mwaka 1972 husema kuwa kwenye mkondo mwembamba chombo cha tanga na vyombo vidogo visiizuie meli isiyoweza kupita ila ndani ya mkondo huo. Na barabara ni nini kama si mkondo mwembamba? Lori haliwezi kuteremka kwenye mchanga, baiskeli inaweza. Basi sheria ya Kilwa, mdogo ampishe mkubwa, ndiyo sheria ya mkondo, na ya Mjomba ni ya bahari kuu.

Baraza lilinyamaza, kwani hoja ilikuwa ya kweli. Mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, ndiye aliyeivunja kimya kwa kusema kuwa kwenye mkondo mwembamba hata meli hupunguza mwendo, na kwamba basi lililopunguza mwendo kati ya Somanga na Nangurukuru yeye hajaliona tangu lami imwagwe. Watu wakacheka. Lakini Mjomba hakucheka, na inafaa kusimama kidogo hapo. Mpwa alikuwa amegusa mahali ambapo swali hili huacha kuwa la baiskeli. Mwenda kwa miguu hana mkondo wake; hana ukingo wa kuteremkia kutoka kwenye kivuko; naye si chombo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao ni wale wasiokuwa na bati la kuwakinga: waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Katika nusu hiyo mwenye baiskeli yumo pamoja na yule mtoto. Wamepangwa safu moja. Na hapo ndipo penye ubaya wa kuipita nyekundu katika miji yetu: taa ni karibu kitu pekee kilichobaki barabarani ambacho safu hiyo inaweza kukitegemea kumsimamisha dereva wa basi, na kila mmoja wao anayeipita humfundisha dereva kwamba hata wadogo hawaiamini.

Hata hivyo haitoshi kumwambia mchuuzi asimame, kisha kumwacha katikati ya njiapanda akikimbizwa na malori. Anayemtaka asimame amsaidie kuanza. Iko miji ambako mstari wa kusimamia baiskeli umechorwa mbele ya ule wa magari, na kijani cha baiskeli kikawaka pumzi chache kabla ya kijani cha wote. Rangi ya mstari si ghali. Tatizo ni kwamba wapangao taa aghalabu hufika kazini kwa gari, wala hawajawahi kushika tenga.

Wapenzi wa mashairi wataruhusu neno moja la pembeni. Katika lugha yetu kituo ni mahali pa basi, na kituo ni ule mshororo wa mwisho wa ubeti, ambao humpa mghani nafasi ya kushusha pumzi na msikilizaji nafasi ya kulipokea lililosemwa. Mghani mbaya hujulikana hapo; huparamia kituo akauangukia ubeti unaofuata kabla watu hawajaupokea uliotangulia. Mjomba, ambaye katika ujana wake aliimba kwenye majahazi na huwajua waghani wa Lindi na wa Kilwa kwa sauti zao, hupenda kusema kuwa alikuwa mghani wa namna hiyo barabarani.

Mabishano hayakwisha, na huenda yasiishe. Mpwa bado anaamini kuwa taa isiyoihesabu baiskeli haina haki ya kuiamuru baiskeli. Safari zake za mjini, anapokwenda, huipita nyekundu njia ikiwa nyeupe, ingawa ameungama kuwa sasa hutazama kwanza mbele ya pua za malori. Mjomba hakumwomba zaidi ya hapo.

Kabla jua halijachomoza, siku ya mnada, wawili hao walikuwa wakiikaribia Nangurukuru, Mjomba mbele na mpwa nyuma, matenga yamejaa. Mzee hubeba siku hizo tu, na hubeba nusu ya mzigo wa zamani, lakini siku hiyo vibua walikuwa wengi na bei yao nzuri, akajisahau. Njiapanda ilikuwa imeamka. Mama lishe walikwisha kuwasha moto, basi la Lindi lilikuwa likipakia, na honi zilikuwa zimeanza. Hakuna taa iliyowaka ila za mabasi. Mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni alikuwa amesimama ukingoni, akitazama huku na huko, kama wanavyosimama wanawake wengi hapo kila alfajiri, akingoja upenyo ambao labda ungekuja.

Mjomba alibana breki. Baiskeli iliyumba, tenga likalalama, akaweka mguu chini na mguu ukashika. Nyuma yake mpwa alipiga kengele kwa fazaa, akakwepa, naye akalazimika kusimama.

"Kuna nini, mjomba?"

"Napisha."

Mwanamke hakuelewa mara moja. Alimtazama mzee, akaitazama njia, akashika ndoo kwa mkono mmoja, akavuka. Pikipiki iliyokuwa nyuma ya mpwa ilipunguza mwendo, kwa sababu baiskeli mbili zenye matenga zilikuwa zimeiziba njia. Alipofika ng'ambo aligeuka, akasema ahsante baba, akaenda zake.

Mjomba alijaribu kuisukuma baiskeli ianze. Haikuenda. Magurudumu yalikuwa yamezama kidogo kwenye mchanga wa ukingoni, na miguu ya mzee haikuwa ile ya zamani. Mpwa aliitazama samaki yake, akalitazama jua lililokuwa likija, akanung'unika kitu ambacho hakikusikika. Kisha akaiegemeza baiskeli yake kwenye gogo, akarudi nyuma ya tenga la mjomba wake, akaweka mikono yote miwili, akasukuma.